Barua Inasema Wameanguka

Noonkopir, Kitengela
Jumapili, 21 Novemba 1999

Kwa Baba mpendwa,

Mulembe, Baba. Ninaomba barua hii ikukute umeketi mahali penye kivuli, ule mguu wa kushoto umepunguza maumivu, na Mama amesharudi kutoka Webuye alikopelekwa kupimwa macho. Je, mahindi yote yameingia ghalani? Mkweo Omolo aliniambia mvua iliwashika nusu ikiwa bado shambani. Sisi huku tunaisikia mvua kwa redio tu. Nyasi zimeisha kabisa, na juzi pundamilia walikuja mpaka kwenye ua wa shule kutafuta chochote kilichosalia. Lakini tu wazima. Mjukuu wako Cindy ametimiza miaka minne na anachanganya lugha tatu katika sentensi moja. Omolo bado anaamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kiwandani Athi River. Mimi pia ni mzima, ila lile jambo uliloniandikia halijaniacha nipumzike.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Uliiandika kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo hujawahi kunifanyia, na ukapiga mstari chini ya maneno mawili. Uliniuliza inawezekanaje mtoto wa mwalimu aliyefundisha Kiingereza miaka thelathini na moja asijue maana ya “fall out”, mpaka akawasafirisha wazee wa watu hadi Kimana kwa ajili ya ajali ambayo haikutokea. Ukasema umesikia haya kwa Omolo alipopita huko nyumbani, na kwamba yeye alikuwa akicheka lakini wewe hukucheka. Nimekawia kukujibu kwa sababu nilitaka watoto wamalize mtihani wa darasa la nane kwanza. Sasa wamemaliza. Nitakueleza yote, Baba, nawe nisome polepole.

Nianze na huyo mzee mwenyewe. Anaitwa Parsaoti Katoo, na boma lake liko ng'ambo ya barabara ya lami, mwendo wa dakika arobaini hivi kutoka shule yetu ya Kisaju. Hajui kusoma wala kuandika, lakini ni mtu wa kuunga mifupa. Ng'ombe akivunjika mguu anaitwa yeye, na mtu akivunjika mkono anaitwa yeye kabla ya gari la hospitali kutafutwa. Anakushika kwa vidole viwili tu, akiwa amefumba macho, kisha anakwambia mfupa umekatikia wapi. Barua zake zote tangu nihamie hapa mwaka wa tisini na tano nilikuwa nazisoma mimi. Zinakuja kwa sanduku la posta la shule, naye huja Alhamisi, anaketi kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu, anaweka fimbo yake chini na kusema, “Mwalimu, soma.” Nikimaliza ananishukuru na kwenda zake. Hajawahi kuniuliza kama nimesoma yote.

Mzee huyu yuko na mtoto wa kiume anayeitwa Felix. Huyo Felix alipewa ng'ombe wake, kama watoto wote wa hapa, akauza mitamba wanne, akaenda Kimana kukodi shamba la kumwagilia na kupanda vitunguu. Huko akaoa msichana wa Kikamba kutoka Sultan Hamud, Jane Mbeke, bila kungoja neno la baba yake. Mzee aliposikia hakupiga kelele. Alisema tu kwamba hatakanyaga kwa mtu aliyebadilisha ng'ombe kwa vitunguu. Miaka mitatu ikapita. Felix alikuwa akiandika kwa Kiswahili, mistari michache: tumevuna, tumepata mtoto wa kike, tumempa jina la Yeyo, yaani jina la mama yake Felix, Nalotuesha. Niliposoma hiyo ya mtoto, Mzee aliinama akaokota fimbo yake na kuondoka kabla sijafika kwenye salamu za mwisho. Hakunituma nijibu. Hakuwahi kunituma nijibu hata barua moja.

Basi Alhamisi moja ya Agosti, shule zimefungwa, nilikuwa ofisini nikipanga kazi za muhula wa tatu. Mzee akaja, safari hii pamoja na mkewe, Mama Felix, kwa sababu walikuwa wanatoka kliniki. Kulikuwa na bahasha kutoka Kimana lakini mwandiko haukuwa wa Felix. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza na kijana Mwingereza anayeitwa Martin, ambaye anafanya kazi kwenye mradi wa mifereji kule na ni rafiki wa Felix. Ilikuwa fupi. Alijitambulisha, kisha akaandika sentensi ambayo sasa Kisaju nzima inaijua: “I am sorry to tell you that Felix and Jane have fallen out, rather badly.” Akaongeza kwamba wenyewe hawatamwandikia Mzee, na kwamba yeye anaona ingefaa mtu wa nyumbani aende.

Niliisoma kimya mara ya kwanza, kama ninavyofanya siku zote. Kisha nikawaambia kwamba barua imetoka kwa mzungu rafiki ya Felix, na kwamba barua inasema Felix na Jane wameanguka, tena vibaya, na ingefaa mtu aende.

Mama Felix alishika mdomo. Mzee aliniuliza wameanguka kutoka wapi, kutoka kwa lori la vitunguu? Nikamjibu kwamba barua haisemi. Akaniuliza kama mtoto pia ameanguka. Nikamwambia mtoto hajatajwa. Aliangalia barabara, halafu akasimama. Fimbo yake aliisahau chini, ikabidi mkewe aichukue.

Jioni ile ile alituma mtu kwangu kuniomba niende nao, kwa sababu huenda wangekuta hospitali na madaktari wa Kiingereza. Omolo alilalamika kidogo lakini akakubali kukaa na Cindy. Tukapata nafasi kwa Kisilu, mfanyabiashara wa nyanya wa soko la Kitengela, ambaye kila Ijumaa anapeleka kanta yake, lori lile dogo, Kimana kupakia. Mama Felix na mimi tulikaa mbele. Mzee alikataa kukaa mbele. Alipanda nyuma kwenye masanduku matupu na kondoo dume aliyenona, wa kuwachinjia wagonjwa na kuwapikia supu. Alikuwa pia na mkoba wa ngozi wenye vijiti vya kufungia mifupa, kamba laini za ngozi, na mafuta ya kondoo kwenye chupa. Kila Kisilu aliposimama, Mzee alishuka, akanyoosha miguu, akauliza bado kilomita ngapi. Mara ya tatu Kisilu aliacha kumjibu kwa kilomita, akamwambia ni karibu.

Njiani Mama Felix aliniuliza niirudie barua. Nikairudia. Akaniuliza kama Kiingereza kiko na neno moja tu la kuanguka. Nikamwambia yako mengi. Hakuuliza tena, aligeuka kuangalia nje, na mimi nikashukuru.

Tulifika Kimana saa tisa. Baba, mahali pale ni pa ajabu kwa mtu anayetoka huku kwetu. Unatembea kwenye vumbi tupu, halafu unavuka mfereji mmoja na kila kitu ni kijani kibichi, vitunguu mpaka macho yanachoka. Nyumba ya Felix ni ya mabati, ipo mwisho wa mfereji. Kabla hatujafika mlangoni, Felix mwenyewe alitoka akitembea kwa miguu yake miwili, jembe begani. Alipotuona alisimama kama mtu aliyegonga ukuta.

Mzee hakumsalimu. Alimwonyesha gogo lililokuwa pale nje, akamwambia, “Kaa.” Felix akakaa. Mzee akapiga magoti mbele yake, akafumba macho, akaanza na kifundo cha mguu wa kulia. Akapanda kwenye muundi, goti, paja. Akahamia mguu wa kushoto. Akamshika mbavu moja baada ya nyingine, kisha mabega, kisha shingo. Alifanya hivyo polepole kama anavyofanya siku zote. Felix alikuwa amekaza meno. Nadhani mwanzoni alifikiri ni dhihaka, au baba yake ameanza kuchanganyikiwa. Lakini vidole vilipofika nyuma ya shingo, yule mwanaume wa miaka thelathini aliinamisha kichwa kwenye kifua cha baba yake akalia.

“Unaumwa wapi?” Mzee alimuuliza.

Felix alizidi kulia. Mzee akashika tena mbavu, akidhani amezipita.

Martin alikuja mbio kutoka mferejini aliposikia kuna wageni. Ni kijana mwembamba, amechomwa na jua mpaka pua inabambuka, na Kiswahili chake ni cha kuhesabu maneno. Mzee akamuuliza kupitia kwangu hawa wawili walianguka lini na kutoka kwa gari gani. Nikamtafsiria swali lile, kwa sababu nilikuwa nimesimama hapo kama mkalimani na sikuwa na njia ya kuliruka. Martin alinitazama, akatazama vile vijiti vya mifupa, akatazama kondoo, halafu uso wake ukawa mwekundu zaidi ya ulivyokuwa. Akasema, polepole kwa Kiswahili chake, kwamba hakuna gari. Felix na bibi yake hawaongei. Wamekosana.

Wote wakageuka kuniangalia. Nikasema nilielewa vibaya, na kwamba wanisamehe.

Sasa nikueleze walikosana kwa nini, kwa sababu hilo ndilo Mzee aliuliza, naye aliyejibu hakuwa Felix bali Jane. Alikuwa amehamia nyumba ya jirani wiki tatu, na alikuwa amefunga virago vyake kurudi kwa mama yake Sultan Hamud. Alikuja na mtoto mgongoni akasimama mbali kidogo, kwa adabu, akiangalia chini. Alieleza kwamba amemwambia Felix tangu mtoto azaliwe kwamba wampeleke Kisaju akaonwe na babu yake, hata kama watafukuzwa, wafukuzwe wakiwa wamefika. Felix akaapa kwamba haendi asikoitwa. Maneno yakaongezeka, yakawa machungu, mpaka wakafika kwenye maneno ambayo Jane alisema hawezi kuyarudia mbele ya wazazi. Kwa hiyo ugomvi ulikuwa wa Mzee mwenyewe, na yeye ndiye aliyekuwa amekaa pale na mafuta ya kondoo mkononi.

Hakusema warudiane. Hakusema amesamehe wala ameomba msamaha. Alisema kondoo ameletwa kwa ajili ya wagonjwa na kondoo hawezi kurudi, basi achinjwe. Mama Felix tayari alikuwa amemshika mtoto.

Tulikaa siku tatu tukingoja kanta ya Kisilu ijae. Siku ya pili Mzee alianza kutembea kwenye matuta. Aliuliza vitunguu vinakunywa maji mara ngapi kwa wiki, na kama vinaumwa, na vikiumwa mtu anajuaje. Felix alikuwa bado mzito wa maneno, kwa hiyo aliyemjibu ni Jane, kutoka tuta la pili, bila kumkaribia. Akamwonyesha majani yanayogeuka njano kwenye ncha. Mzee aling'oa moja akalinusa, akasema hata ng'ombe huanza hivyo, kwenye ncha ya sikio.

Na mimi, Baba, nitakwambia nilifanya nini siku hizo tatu, kwa sababu wewe utanielewa. Niliongea na Martin kuhusu lile neno. Niliona aibu kubwa lakini pia nilikuwa na hamu, kama ile niliyokuwa nayo nikiwa mdogo, nilipokuwa nakufuata ghalani na kamusi. Nilimuuliza kwa nini watu wawili wakikosana mnasema wameanguka nje. Nje ya nini? Alifikiri sana. Akasema hajawahi kujiuliza. Akasema labda inatoka kwa wanajeshi, wakiamriwa kutoka mstarini wanaambiwa hivyo hivyo, lakini hana uhakika. Akaniambia ni neno la mazungumzo, la nyumbani, hata yeye hangeliandika kwenye barua ya ofisi, na kwamba alimwandikia Mzee vile kwa sababu alitaka barua isiwe baridi. Mtu anaweza kukosana na mwingine juu ya kitu fulani, kwa hiyo “over” huja baadaye, na “with” huja kabla ya mtu. Nikamuuliza kuhusu nywele, kwa sababu nazo huwa zinasemwa hivyo zikinyonyoka, na meno pia. Akacheka akasema ndiyo, meno na marafiki.

Nimelifikiria sana jambo hili. Sisi tukitaka kugeuza maana tunaifungua ndani ya neno lenyewe na kulishonea kipande: kosa, kosea, kosana, kosesha. Mtu akisikia kosana anasikia papo hapo kwamba wako wawili. Waingereza wanaliacha neno lao lilivyo na kuweka kijineno kidogo mlangoni, na hicho kidogo ndicho kinachoamua kila kitu. Anguka na “for” ni kupenda. Anguka na “through” ni mpango kuharibika. Anguka na “behind” ni kuchelewa. Watoto wangu hulia wakifika hapo, na siwalaumu.

Tuliporudi, Jane alikuja pamoja nasi na mtoto. Alikaa Kisaju siku nne. Mzee alimpa kondoo jike kutoka kwenye zizi lake, na tangu siku hiyo wanaitana Paker, jina wanaloitana watu wa huku mmoja akimpa mwingine kondoo. Kisha Jane akaendelea na safari yake hadi kwa mama yake vile alivyokuwa amepanga, kwa sababu yeye na Felix walikuwa bado hawajamaliza yao. Sitaki ufikiri kila kitu kilipona siku moja.

Yangu ndiyo yaliyoanza sasa. Habari zilifika Kisaju kabla hatujashusha mizigo. Kuko na mtu mmoja huku anaitwa Githongo, mwenye mashine ya kusaga, ambaye anajua Kiingereza cha kutosha kusoma magazeti. Gunia likimwanguka mtu kutoka kwa baiskeli pale kwake, Githongo anasema gunia na baiskeli wamekosana. Watu walicheka hivyo mwezi mzima. Kwenye mkutano wa wazazi wa Septemba, baba mmoja alisimama akauliza, kwa heshima kabisa, itakuwaje watoto wao waandaliwe kwa mtihani na mwalimu asiyejua “fall out”. Wiki iliyofuata nilipewa darasa la tatu, na Kiingereza cha darasa la nane akapewa mwenzangu Lennox, ambaye ana miaka miwili tu kazini. Watoto niliowabeba tangu darasa la sita walifanya mtihani wao mimi nikifundisha majina ya matunda.

Hayo ndiyo uliyosikia, na mpaka hapa nimekusimulia kama ninavyowasimulia wengine.

Baba, nililijua lile neno.

Nililijua siku ile kwenye benchi, nilipoisoma kimya mara ya kwanza. Sikuwa na shaka hata kidogo. Na wewe unajua ninalijua, ndiyo maana ulipiga mstari, kwa sababu ni wewe uliyenifundisha. Nilikuwa darasa la saba, mstari wa mbele, kule Chwele. Uliandika ubaoni: “The two brothers fell out over a boundary.” Watoto wakatazamana, kwa sababu kila mtoto alijua ni ndugu gani wawili na ni mpaka gani. Nadhani hukukusudia. Mkono wako uliandika tu, kisha ukafuta haraka ukaweka mfano mwingine wa marafiki na mpira.

Miaka sita hukuvuka ule mpaka kwenda kwa Baba Mdogo Simiyu. Mama alikuomba, kasisi alikuomba, mimi mwenyewe nilikuomba nikiwa Form Two, ukaniambia nisome vitabu vyangu. Halafu asubuhi moja mtu alikuja akasema Simiyu ameanguka kisimani. Hukuuliza chochote, Baba. Ulitoka na kandambili, moja ukaiacha njiani, na mimi nilikuwa nyuma yako nikaiokota. Ulimbeba mgongoni mpaka barabarani. Mlipata miezi miwili tu kabla hajafariki, na nilikuona siku nyingi umekaa kitandani kwake mkizungumza, na nilikuona pia baada ya mazishi.

Hilo ndilo lililokuwa mbele ya macho yangu pale kwenye benchi. Nilimjua Mzee Katoo. Kama ningesema wamekosana, angeinama, angeokota fimbo, na angekwenda nyumbani akisema si niliwaambia. Mtu akisikia watoto wake wamegombana, anakaa. Akisikia wameanguka, anainuka. Na barua yenyewe ilikuwa imeniwekea neno mkononi. Nililitafsiri kama lilivyo, nikakiacha kile kijineno cha mlangoni, na nikajiambia kwamba sijasema uongo. Lakini aliponiuliza wameanguka kutoka wapi nikajibu barua haisemi, hapo nilijua vizuri nilichokuwa nafanya. Na njia nzima ya Kimana, nikimsikia nyuma akimtuliza yule kondoo na kuuliza kilomita, niliona huruma mpaka nikataka kumwambia Kisilu asimamishe gari. Sikumwambia.

Nilinyamaza miezi mitatu. Niliona kunyamaza ni haki yangu, kwamba nimelipa kwa jina langu na darasa langu, basi. Barua yako ndiyo iliyoniondolea hilo. Niliona siwezi kukuambia wewe kabla sijamwambia yeye.

Nilikwenda kwake Jumamosi ya wiki iliyopita. Nilimkuta akimfunga mbuzi mguu. Nikamweleza yote, kuanzia lile neno ubaoni. Alifunga kamba mpaka mwisho, akamwachia mbuzi akaenda akichechemea, ndipo akaongea. Alisema ni kweli asingekwenda. Akasema amefurahi kwamba alikwenda, na mtoto wa Felix anamwita babu. Nilidhani amemaliza, nikaanza kumshukuru, akainua mkono.

“Mwalimu,” alisema, “siku nyingine unisomee vile imeandikwa. Kama mimi ni mtu mbaya, uniache niwe mbaya mwenyewe.”

Mama Felix alinisindikiza mpaka kwa lami na hakunilaumu, lakini pia hakusema kitu cha kunifariji. Aliniambia tu kwamba siku ile njiani, nilipomwambia maneno ya kuanguka yako mengi, alinishuku. Akanyamaza kwa sababu na yeye alitaka kufika.

Mwalimu mkuu nitamwambia kesho. Sijui atafanya nini na mwalimu aliyejua neno na kulitumia hivyo. Huenda hilo ni baya zaidi kuliko kutolijua. Wewe uliyesimamia walimu unaweza kuniambia. Sikuandikii ili uniondolee lawama, na sikusema habari za Baba Mdogo ili nikuumize. Nilitaka ujue kwamba mwanao hakusahau ulichomfundisha. Alichokosea ni kitu kingine, na hicho hukunifundisha wewe.

Alhamisi hii Mzee Katoo alikuja na barua ya Felix. Bahasha ilikuwa imeshafunguliwa. Aliniambia waziwazi kwamba ameshapitia kwa Githongo, na sasa anataka aisikie kwangu pia. Akaketi kwenye benchi, akaweka fimbo chini, na badala ya kuangalia barabara kama zamani, akaniangalia mdomoni. Felix ameandika kwamba Jane amerudi Kimana, kwamba bado wanaongea kidogo kidogo, na kwamba wanakuja wote Desemba, wenyeji wapende wasipende. Nilisoma kila neno, Baba, na pale alipokosea kuandika nilisoma kosa lake kama lilivyo.

Mzee alisikiliza mpaka salamu za mwisho. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliniambia nichukue kalamu nimjibu.

Nisalimie Mama, umwambie Cindy anaomba ile sufuria ndogo ya kuchezea. Nisalimie nyanya yetu Kukhu na wote wa kwa Baba Mdogo, hasa mjane wake. Omolo anakusalimia na anasema hatacheka tena. Dada zangu waambie nitafika Krismasi Mungu akipenda, na kama utataka kunisema, uniseme nikiwa mbele yako, nitakaa nikusikilize.

Ni mimi mwanao,
Wilkister Khisa